Dayari ya Siku Ishirini na Moja

Juzi nilipelekwa dukani Kericho mjini kama mtoto anayeenda kununuliwa sare ya shule. Aliyenipeleka ni Cherono, binti aliyeachiwa kazi yangu ya kupandisha ng'ombe huku Sosiot. Alitaka nimchagulie dayari ya mwaka mpya. Nikasema hiyo ni kazi ya dakika tano, mimi nimeandika dayari tangu yeye hajazaliwa. Basi msichana wa duka akaniuliza kama nataka ya siku moja kwa ukurasa, ya wiki kwa kurasa mbili, ama ya mwezi mzima. Kabla sijajibu akauliza, iliyochapwa masaa ama isiyo na masaa? Wiki ianze Jumatatu ama Jumapili? Siku zipangwe kushuka chini ama kwenda kando? Na ziko hizi mpya hazina hata mistari, ni nukta tupu, unajichorea mwenyewe. Vijana wangu, nilishika kaunta.

Cherono alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kujifuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka ng'ombe mmoja aliyeitwa Chelel, na nikaona afadhali niwaambie nyinyi mnaoingia kazi hii kile ambacho sikuweza kumwambia yule msichana. Nawaonya mapema kwamba huenda nisikieleze vizuri, kwa sababu jambo lenyewe bado linanichanganya.

Kwa asiyeijua kazi yetu, ni hivi. Mkulima wa huku amepanda chai karibu shamba lote, na nyuma ya nyumba ana ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Dume hana, na hana mahali pa kumweka. Ng'ombe akipata joto, yaani akitaka dume, mkulima anatupigia simu, tunakuja na pikipiki na mtungi wa gesi baridi, na ndani ya mtungi mna mbegu za madume ambao hatujawahi kuwaona kwa macho. Unaweka mrija wenye mbegu kwenye maji ya uvuguvugu, unavaa glavu mpaka begani, na mengine ni kati yako na ng'ombe. Watu wanatuita daktari. Sisi si madaktari, lakini ukilikataa hilo jina mkulima anaona haya kwa niaba yako, kwa hiyo unaitika.

Sasa ng'ombe ana kalenda yake. Asiposhika mimba, joto linarudi baada ya siku ishirini na moja, pengine siku moja mbele au nyuma, na likija halimalizi hata siku nzima. Akishika, baada ya miezi mitatu unarudi kumpima kwa mkono, mwezi wa saba anaachishwa kukamuliwa, mwezi wa tisa anazaa. Chukua ng'ombe mia mbili, weka hesabu hizo zote kichwani, halafu uniambie kama utakumbuka jina la mkeo. Lazima uandike. Shida ni utaandika wapi.

Dayari yangu ya kwanza nilipewa bure na mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo. Ilikuwa siku moja kwa ukurasa, jalada jekundu, nene kama tofali. Niliipenda sana. Niliandika jina la mkulima, rangi ya ng'ombe, dume aliyetumika, mpaka hali ya barabara. Lakini siku ishirini na moja mbele ni kurasa ishirini na moja mbele, na ukifunga kitabu yote yamefichika. Mwezi wa tatu nilikuwa naandika mambo ya mwezi wa sita, halafu mwezi wa sita ukifika nafungua na kushangaa ni nani ameyaandika. Siku moja mwandiko wangu mwenyewe ukaniambia niende kupima mimba kwa mzee mmoja mbali kule Mogogosiek, karibu na kiwanda cha chai. Nikanyeshewa njia nzima. Nikafika, nikavaa glavu, nikauliza ng'ombe yuko wapi. Mzee akasema ng'ombe alikwenda mahari wiki mbili zilizopita. Nikauliza kama naweza kumfuata huko alikokwenda. Akaniambia naweza, ila nikiingia boma lile nitakalishwa na wazee na kuulizwa mimi ni wa upande gani na ukoo gani, na mimi baba yangu alitoka kule ziwani kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Nilivua glavu nikarudi Sosiot.

Aliyenifundisha kazi, marehemu arap Koech, hakuwa na dayari kabisa. Alikuwa na chaki mfukoni, na aliandika kwenye mlango wa zizi la mkulima. Mstari mmoja, ng'ombe amepandishwa. Miwili, amerudi. Duara, ameshika. Alisema habari za ng'ombe zikae kwa ng'ombe. Ilikuwa akili nzuri, ila mvua ya huku inakuja kila alasiri kama imeajiriwa, na mlango usiofutwa na mvua ulichorwa na watoto. Kuna boma moja tulikuta maduara saba kwenye mlango na ndani kuna ng'ombe mmoja. Arap Koech aliyatazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza mimi maana yake nini.

Lakini mkono alikuwa nao. Alinifundisha kungoja ng'ombe atulie, na kuyapima maji kwa kipimajoto badala ya kidole. Alinifundisha pia kanuni moja aliyoniimbisha kama wimbo wa chekechea. Joto la asubuhi, njoo jioni. Joto la jioni, njoo asubuhi. Maana mbegu ikiwekwa mapema inachoka ikingoja yai, na ikichelewa inakuta yai limeharibika. Kanuni hiyo ni ya kweli hadi leo, na ndiyo iliyonipoteza.

Baada ya ile nyekundu nilijaribu dayari ya masaa. Hiyo ni ya watu wa ofisi, saa mbili mkutano, saa tatu mkutano mwingine. Ng'ombe hana saa tatu, ana asubuhi na ana jioni. Nikajaribu ya mwezi mzima, visanduku kama kucha ya kidole gumba. Niliandika herufi moja moja tu, na mwezi ulipofika nikabaki natafuta kama W ni Wesley, ni Wambui, ama ni weusi wa ng'ombe. Mwishowe nikashika ya wiki kwa kurasa mbili, nikatulia nayo miaka mingi, kwa sababu angalau wiki nzima nilikuwa naiona.

Ila angalieni jambo moja mkienda dukani. Wanaotengeneza hizo dayari za wiki wanaipa Jumatatu nafasi kubwa, Jumanne nafasi kubwa, halafu Jumamosi na Jumapili wanazibana pamoja pale chini. Kwa mtu wa ofisi ni sawa, siku hizo amelala. Kwetu ni kinyume kabisa. Mwalimu anamwona ng'ombe wake Jumamosi. Mtu wa kiwanda anamwona siku ya mapumziko. Simu zote zilikuwa zinakuja mwisho wa wiki, na hapo ndipo sikuwa na mahali pa kuandika. Nikawa naandika pembeni na kuchora mishale. Jumatatu ikifika ukurasa umejaa mishale na mimi mwenyewe sijui ni nani anaelekezwa wapi.

Kwenye hiyo mishale ndimo alimokuwa Mama Kwamboka.

Mama Kwamboka ni mjane. Yeye na mumewe walihamia hapa kutoka milima ya Kisii wakiwa vijana, wakanunua kipande cha shamba, wakapanda chai. Mume alipofariki alimwachia ng'ombe mmoja tu, mweupe, aliyemnunua kwa jirani Mkipsigis pamoja na jina lake, Chelel. Chelel alikuwa amezaa mara moja na maziwa yalikuwa yanaelekea kukauka. Nyumbani mlikuwa na wajukuu wawili wanaoyategemea. Na mwanawe Evans, anayefanya kazi Nakuru, alikuwa amesema wazi kwamba ng'ombe asiyezaa ni nyama, auzwe kwa mwenye bucha, nyumba inunuliwe mabati mapya.

"Daktari," mama aliniambia siku ya kwanza, "huyu akienda hatarudi mwingine. Hawa watoto watakunywa strungi mpaka waoe."

Strungi ni chai bila maziwa. Kumpa mtoto strungi katika nchi hii ya majani chai ni aibu ambayo hata jirani anakusaidia kuificha. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Chelel atashika.

Alipiga simu Jumapili asubuhi. Chelel analia, ute unatoka. Nikamuuliza ameanza lini, maana arap Koech alinifunza kuuliza kabla ya salamu. Akasema leo asubuhi, ameamka akamkuta hivyo. Joto la asubuhi, njoo jioni. Nikaenda jioni, nikafanya kazi safi. Baada ya wiki tatu akapiga tena, Chelel amerudi. Ameanza lini? Leo asubuhi. Nikaenda jioni. Wiki tatu nyingine, simu tena. Hapo nikabadilisha dume, nikabadilisha hata kipimajoto. Mrija wa mtungi ule ule, siku ile ile, ulikuwa umempa ng'ombe wa Wesley mimba kwa mara moja tu, na ng'ombe wa Wesley ni mzee. Nilianza kuutazama mkono wangu kama si wangu. Nilikuwa nafuata kanuni neno kwa neno na mimba haiji.

Mara ya nne sikufungua hata mtungi. Kila ng'ombe wetu ana kadi inayoning'inia zizini, tunayoandika kila tunapokuja. Nikaishika kadi ya Chelel. Mama Kwamboka akaona kalamu.

"Usiandike," akasema. "Evans akisoma, Chelel amekwisha."

Nilimwambia kazi yangu ni kuandika ukweli. Nikaandika tasa, kwa wino, herufi kubwa, nikatia sahihi. Nakumbuka nilijiona mtu mwaminifu sana. Evans alikuja mwisho wa mwezi, akaipiga kadi picha kwa simu, akaenda kuongea na mwenye bucha. Wakapatana aje kumchukua Chelel Jumapili, zikiwa zimetimia wiki tatu tangu nilipoandika. Mama alinipigia kunieleza hayo, bila kulaumu, kama mtu anayekupa habari za mgonjwa.

Sasa sikilizeni nilivyokuja kuelewa, maana si kwa akili yangu. Dayari yangu ya wiki ilianguka kwenye ndoo ya dawa ya kupe. Niliianika, ikavimba, kurasa zikashikana, na mwaka ulikuwa bado haujaisha. Sikutaka kununua nyingine ya wiki chache. Nikanunua daftari la shule na rula, nikakaa mezani Ijumaa alasiri kunakili yaliyobaki kusomeka, miezi mitano yote, ili nijue nani anarudi lini.

Nilichoka kuhesabu ishirini na moja kwa vidole. Kwa hiyo nikapiga mistari wiki tatu kwenye kurasa mbili zinazotazamana, wiki moja chini ya nyingine, Jumatatu mpaka Jumapili kwenda kando. Siku zote nikazipa upana mmoja, maana rula yangu haikujua kubana Jumapili. Kila siku nikaikata katikati kwa mstari, juu asubuhi, chini jioni. Kwa njia hiyo kinachoangukia kisanduku fulani leo, nikifungua kurasa mbili zinazofuata, kitarudi kisanduku kile kile. Sikuwa na wazo lingine lolote kichwani.

Nikanakili. Chelel, Jumapili, chini. Nikafungua kurasa zinazofuata. Chelel, Jumapili, chini. Tena. Tena. Nikaona si yeye peke yake. Karibu wote waliokuwa wakirudi na kurudi wamepangana kwenye safu ya Jumapili, kundi lingine kwenye safu ya Jumatatu. Wa Jumatano wameshika, wa Alhamisi wameshika. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikafikiri labda gesi ya mtungi inapungua nguvu mwisho wa wiki. Nikafikiri labda mimi mwenyewe Jumapili nachoka kwa kuimba kanisani. Nikaanza kunung'unika kwa sauti.

Mke wangu Akinyi alikuwa kando yangu akichagua mawe kwenye maharagwe. Akauliza nina nini. Nikamsomea majina ya Jumapili.

"Si hao wote ni watu wa kanisa la Jumamosi," akasema.

Nikamsomea majina ya Jumatatu. Akasema hao ni wetu, tunashinda nao kanisani Jumapili kutwa. Akaendelea na maharagwe yake.

Mimi nilibaki nimeshika rula. Chelel hakuwa anapata joto Jumapili, alikuwa analipata Jumamosi. Mama Kwamboka anamkamua alfajiri kabla joto halijaanza, anawavalisha watoto, wanakwenda kanisani. Huko nyuma Chelel anasimama peke yake malishoni na joto lake, na hakuna jicho la mtu. Jioni wanarudi na mvua, wanakamua haraka haraka, wanafunga mlango. Jumapili asubuhi mama anakuta mkia wa jambo lililokwisha, ananiambia kwa ukweli kabisa kwamba ni leo asubuhi, na mimi kwa ukweli kabisa nangoja mpaka jioni. Nilikuwa nachelewa siku nzima, kila mara. Na kwa kuwa siku ishirini na moja ni wiki tatu kamili, Chelel alikuwa anarudi kwenye Jumamosi ile ile kama aliyebatizwa huko.

Nikatazama daftari. Kesho ilikuwa Jumamosi yake. Keshokutwa mwenye bucha. Nikampigia mama simu, ilikuwa imezimwa, maana jua la Ijumaa lilikuwa limetua na Sabato yao imeingia.

Jumamosi nilifika kwake saa mbili asubuhi, wameshaondoka. Nikasimama njiani kando ya ua nikamtazama Chelel. Alikuwa anakula majani tu. Hamjui jinsi mtu mzima anavyoonekana akisimama kumtazama ng'ombe wa mjane kwa masaa. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka majani chai kituoni, kapu mgongoni, alinipita mara mbili, na mara ya pili akaniuliza kama namlinda ama namchumbia. Kwenye saa nne mtamba wa jirani alipenya ua, akamwendea Chelel, akampanda. Chelel akasimama tuli. Hiyo ndiyo dalili yenyewe, kukubali kupandwa na ng'ombe mwenzake, nyingine zote ni umbea.

Sikuthubutu kuondoka. Mama alirudi jioni na wajukuu wawili, mwavuli mmoja, mvua inanyesha. Nikamweleza yote pale pale langoni, vibaya, nikianzia katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini jua halijatua."

Nikamwambia huu ndio wakati wenyewe. Akasema yeye hajafanya kazi ya mifugo siku ya Sabato tangu abatizwe, zaidi ya kukamua, na hataanza leo kwa sababu mimi nilichelewa. Angekuwa ametumbukia shimoni angemtoa, lakini Chelel alikuwa amesimama vizuri. Nikamwambia kesho kuna bucha. Akasema tungoje.

Tatizo, jua lenyewe lilikuwa wapi? Wingu lilikuwa limelalia mashamba ya chai mpaka huoni hata miti ya mpakani. Simu yake imezimwa, yangu imeisha chaji kwa kusimama nayo tangu asubuhi. Mjukuu mkubwa akasema kuku wameingia, kwa hiyo jua limetua. Bibi yake akamjibu kuku huingia hata mvua ikinyesha saa tisa. Basi tukasimama wanne zizini tukitazama upande wa magharibi, hakuna anayeona kitu, kila mmoja akitafuta jua ndani ya wingu. Sijui tulikaa muda gani. Mimi nilikuwa namwona Chelel tu na nahesabu pumzi zake. Ulipofika wakati ambapo siwezi tena kusoma maandishi kwenye mtungi wangu, mama akasema sasa.

Nikapima maji kwa kipimajoto, nikavaa glavu, nikafanya kazi yangu. Nilipomaliza aliwasha simu akampigia Evans, wakaongea Kikisii kwa muda, kisha akanipa.

"Si ni wewe uliandika ni tasa?" Evans akauliza.

"Ni mimi."

"Sasa unasema nini?"

Nikamwambia nasema sikujua, anipe siku ishirini na moja. Nilikuwa nasikia redio huko kwake. Akasema sawa, atamwambia mwenye bucha angoje, lakini baada ya hapo nisimpigie tena.

Jumamosi ya siku ya ishirini na moja nilirudi kwenye ule ua, safari hii nimebeba chakula. Mtamba wa jirani akapenya tena, akajaribu. Chelel akamwacha hapo akaenda kula kwingine. Nilingoja mpaka alasiri kuhakikisha, na yule mama wa majani chai alipopita nilimsalimia kwa jina.

Kwa hiyo pale dukani juzi, nilimwambia Cherono turudishe zote kwenye rafu. Tukanunua daftari la mistari na rula. Msichana wa duka alituonea huruma. Nilimwonyesha Cherono: wiki tatu kwenye kurasa mbili, siku zote upana mmoja, kila siku nusu ya asubuhi na nusu ya jioni. Usiandike siku uliyokwenda tu, andika na siku joto lilipoonwa, na kama hakuna aliyekuwa nyumbani siku iliyotangulia, andika hivyo. Na pembeni acha safu nyembamba ya mambo ya nyumba ile, wanasali lini, nani yuko zamu kiwandani, wanachuma siku gani. Cherono akasema simu yake inaweza kufanya hayo yote na kumkumbusha kwa mlio. Inawezekana. Mimi sielewi simu yake, na nyinyi mkiwa na ratiba ya aina nyingine huenda wiki tatu zisiwafae hata kidogo. Mtu wa hospitali, mtu wa shule, kila mmoja atazame kwanza kazi yake inarudi baada ya siku ngapi, ndipo apige mistari.

Mama Kwamboka, wakati ule, nilirudi kwake miezi mitatu baada ya jioni ile ya mvua. Nikavaa glavu, nikangoja Chelel atulie, nikaingiza mkono. Kizazi kilikuwa kimejaa na kizito, kimeshuka mahali kinapotakiwa kushuka. Nikapima mara mbili kwa sababu sikujiamini. Nikamwambia mama kwamba Chelel ana mimba. Alikaa chini, juu ya ndoo ya kukamulia iliyofunikwa, akaweka mikono mapajani na kulia kidogo bila kujificha. Nami nikaugeuzia uso ukuta.

Alikuwa ameshanunua maziwa ya duka, akanipikia chai. Kisha akaenda zizini akarudi na ile kadi. Akaniomba nilifute lile neno. Wino haufutiki, nikalikata mistari miwili, nikaandika tarehe na mimba miezi mitatu. Akaisoma polepole. Akauliza swali lake kwa upole, jinsi angeniuliza bei ya dawa ya minyoo.

"Daktari, na wale wengine uliowaandikia hivi, walikuwa wa akina nani?"

Nilimeza chai yote kwa mkupuo ikaniunguza ulimi. Nikapanda pikipiki nikaenda nyumbani. Nikashusha dayari zangu za zamani kutoka juu ya kabati, nikachukua ya mwaka mmoja tu, nikaanza kutafuta wale niliowaandika tasa ambao simu zao zilikuwa za Jumapili na Jumatatu. Nilikuwa naweka alama kwa penseli pembeni mwa kila jina. Nilipofika jina la kumi na moja nikafunga kitabu, na nilikuwa bado mwezi wa tatu.